Jinsi pakiti moja inavyoweza kuizima kompyuta

Mwishoni mwa mwaka 1996 wasimamizi wa mitandao ya kompyuta katika vyuo vikuu na makampuni ya Marekani na Ulaya walikabiliwa na jambo lililowastaajabisha. Mtu yeyote aliyeketi mbele ya kompyuta ya kawaida ya Windows 95 aliweza kuandika amri moja fupi, akabonyeza kitufe, na kompyuta nyingine iliyo mbali naye, pengine yenye thamani mara kumi ya ile yake, ikaganda au ikajizima papo hapo.

Hakuhitaji neno la siri. Hakuhitaji kuwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta. Alichohitaji ni anwani tu ya kompyuta aliyotaka kuiangusha.

Tarehe 18 Desemba mwaka huo kituo cha CERT, kilichoko katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, kilitoa tahadhari rasmi. Orodha ya mifumo iliyoathirika ilikuwa ndefu: Windows, aina mbalimbali za Unix, Linux, na hata baadhi ya ruta na printa zilizounganishwa kwenye mtandao. Wenyewe waliokuwa wakiichezea mbinu hiyo walikuwa wamekwisha kuipa jina: "ping ya mauti".

Zaidi ya robo karne imepita tangu wakati huo. Dosari ile ilizibwa zamani, lakini jamaa zake wa karibu wamegunduliwa tena mwaka 2013, 2019, 2020 na 2021, katika mifumo ambayo leo inaendesha benki, hospitali, mashirika ya ndege na huduma za fedha kwa simu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba mara nyingi kosa limezunguka nambari ile ile moja: 65,535.

Sauti ya nyambizi

Amri yenyewe ya ping haina ubaya wowote. Iliandikwa mwezi Desemba 1983 na Mike Muuss, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti wa silaha ya jeshi la Marekani, jimboni Maryland. Mtandao wao ulikuwa ukisumbua, naye akataka njia nyepesi ya kujua kama kompyuta ya upande wa pili ingali hai.

Jina alilichukua kutokana na sauti inayotumiwa na nyambizi kupimia umbali wa vitu baharini: sauti inatoka, inagonga, inarudi. Kompyuta moja inauliza "upo?", na nyingine inajibu "nipo". Muuss alifariki dunia katika ajali ya gari mwezi Novemba 2000, na programu yake ndogo imo karibu katika kila kompyuta duniani hadi leo.

Ujumbe huo wa kuulizia hali unaweza kubeba data kidogo ndani yake, ili kupima kama njia inapitisha mizigo mikubwa sawa na midogo. Hapo ndipo penye kisa.

Mizani isiyojumlisha

Data haisafiri kwenye intaneti kama mto unaotiririka, bali hukatwakatwa katika pakiti. Kila pakiti ina kichwa cha maelezo, mfano wa bahasha, kinachotaja anwani ya inakotoka, ya inakokwenda, na urefu wake wote. Kanuni zilizochapishwa mwezi Septemba 1981 ziliitengea nambari hiyo ya urefu nafasi ya biti 16. Biti 16 haziwezi kuandika nambari iliyo kubwa kuliko 65,535. Kwa hiyo, kwa mujibu wa kanuni, hakuna pakiti inayoruhusiwa kuzidi baiti 65,535.

Lakini nyaya zenyewe hazipitishi pakiti kubwa kiasi hicho. Mtandao wa kawaida wa ofisini unapitisha baiti 1,500 tu kwa mara moja. Hivyo pakiti kubwa hugawanywa katika vipande, na kila kipande hupewa nambari inayoeleza mahali pake: hiki kinaanzia baiti ya sifuri, hiki kinaanzia baiti ya 1,480, na kuendelea. Kompyuta inayopokea huvikusanya na kuviunganisha upya.

Msomaji aliyewahi kupita njia ya Mombasa kwenda Nairobi anaufahamu mzani wa Mariakani, ambako malori hupimwa uzito. Achukulie kwamba mzigo mmoja umegawanywa katika magari madogo 45, na kila gari likapimwa peke yake. Kila moja linapita bila tatizo. Hakuna askari anayejumlisha. Mzigo ukifika mwisho wa safari, unapakuliwa wote katika ghala moja ambalo mwenyewe alilijenga kwa imani kwamba hakuna mzigo unaoweza kuzidi kiwango kilichoandikwa katika sheria.

Ndivyo ilivyokuwa. Programu ya ping ya Windows 95 ilimruhusu mtumiaji kuomba ujumbe wenye baiti 65,510 za data. Ukiongeza baiti 8 za kichwa cha ujumbe na 20 za kichwa cha pakiti, jumla inakuwa 65,538. Baiti tatu tu zilizidi.

Pakiti hiyo iligawanywa vipande 45 vilivyopita kila mahali kwa amani, kwa kuwa hakuna kilichokuwa na kosa peke yake. Kompyuta iliyopokea ilivipanga kimoja baada ya kingine katika nafasi ya kumbukumbu iliyotengewa baiti 65,535, na kipande cha mwisho kikamwagika nje, juu ya kumbukumbu iliyokuwa ikitumiwa na shughuli nyingine.

Kwa nini mashine yote ianguke

Msomaji anaweza kuuliza: programu ya kuandikia barua ikikosea, inafungwa peke yake na kompyuta inaendelea. Kwa nini kosa la mtandao liangushe mashine nzima?

Jibu limo katika namna mifumo endeshi ilivyojengwa. Programu za kawaida zinaishi kama wapangaji katika nyumba, kila mmoja na chumba chake. Mpangaji akikosea, mwenye nyumba anamtoa. Lakini programu zinazoendesha kadi ya mtandao, diski na skrini, ambazo wataalamu huziita draiva, haziishi vyumbani. Zimo katika kiini cha mfumo, pamoja na mwenye nyumba mwenyewe, zikiwa na funguo zote.

Zimewekwa huko kwa sababu ya kasi. Maelfu ya pakiti huingia kila sekunde, na kuzibishia hodi chumba hadi chumba kungeichosha mashine. Bei yake ni kwamba draiva ikikanyaga kumbukumbu isiyo yake, hakuna aliye juu yake wa kumzuia.

Skrini ya buluu ya Windows, ambayo watumiaji wengi huiona kama kifo cha ghafla, kwa kweli ni uamuzi. Mfumo umetambua kwamba kiini chake kimeharibika, na unachagua kusimama kuliko kuendelea kuandika mafaili kwa akili isiyo timamu. Uamuzi huo ni wa busara kabisa, ila una kasoro moja kubwa: humpa mtu wa nje uwezo wa kuizima mashine iwapo ataweza tu kusababisha hitilafu hiyo.

Dunia ililishuhudia hilo kwa sura nyingine tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo hakukuwa na mshambuliaji. Faili moja la mabadiliko kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilisomwa vibaya na draiva yake iliyomo katika kiini, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikasimama. Ndege zilibaki viwanjani na hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi.

Mchezo wa vijana, hasara ya wengine

Baada ya Desemba 1996 mfano ulikwisha kuonekana, na wengine wakaanza kuchungua. Watengenezaji wa Linux walitoa kiraka cha ping ya mauti katika muda wa saa chache tu, lakini mwaka 1997 ulileta dosari mpya mfululizo.

Mwezi Mei ilitokea programu iliyoitwa WinNuke, iliyotuma data chache zenye alama ya "haraka" katika mlango namba 139 wa Windows. Draiva ya mtandao haikujua la kufanya na data ile, na skrini ikageuka buluu. Vijana waliokuwa wakibishana katika vyumba vya mazungumzo vya intaneti waliitumia kama konde: aliyeshindwa hoja alimzimia mwenzake kompyuta.

Kuelekea mwisho wa mwaka zikafuata nyingine mbili. Ya kwanza, iliyopewa jina la tone la chozi, ilituma vipande vinavyodai kukaa mahali pamoja, na hesabu ya kuviunganisha ikatoa urefu ulio chini ya sifuri. Ya pili, iliyojulikana kama Land, ilituma pakiti iliyoandikwa kwamba imetoka kwa yule yule inayemwendea, na kompyuta ikabaki ikijijibu yenyewe.

Wakati huo matukio hayo yalihesabiwa kuwa utundu. Hakuna kilichoibwa, ndivyo ilivyosemwa, na ndivyo inavyosemwa hata sasa. Katika viwango vya ukali wa dosari, ile inayosimamisha huduma kwa kawaida hupewa alama ndogo kuliko ile inayofichua siri au inayomwezesha mvamizi kuitawala mashine. Kipimo hicho kina mantiki kwa kampuni yenye mashine elfu moja na wahandisi wa zamu usiku na mchana. Kwa zahanati yenye kompyuta moja, au ofisi ya wilaya inayotegemea seva moja iliyoko mbali, kusimama ndiyo hasara yenyewe.

Nambari inarudi

Kwa miaka kadhaa ilidhaniwa kwamba somo limeeleweka. Kisha tarehe 17 Juni 2019 Jonathan Looney, mhandisi wa kampuni ya Netflix, akatangaza dosari katika kiini cha Linux, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Ilipewa jina "SACK Panic", na ilikuwapo tangu toleo la 2.6.29, yaani kwa takriban miaka kumi.

Kisa chake kinastahili kuelezwa kwa urefu, kwani kinaonyesha jinsi kosa la aina hii linavyoweza kujificha mbele ya macho ya watu hodari.

Kompyuta mbili zinapoanza kuzungumza, kila moja humweleza mwenzake ukubwa wa tonge anaoweza kuumeza. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutaja kiwango cha chini kabisa, baiti 48. Sehemu kubwa ya hizo huenda katika maelezo ya ziada, na nafasi inayobaki kwa data halisi inaweza kuwa baiti 8 tu.

Upande wa pili, Linux hupanga data inayosubiri kutumwa katika mafungu. Fungu moja linaweza kubeba vipande 17, na kila kipande kikafikia kilobaiti 32. Hiyo ni jumla ya baiti 557,056. Ukizigawa kwa matonge ya baiti 8, unapata matonge 69,632.

Na mahali pa kuandikia idadi ya matonge palikuwa pametengewa biti 16. Palikuwa na uwezo wa kuhesabu hadi 65,535.

Kilichofuata kina kejeli ndani yake. Mwandishi wa programu, kwa uangalifu, alikuwa ameweka mstari wa ukaguzi: hesabu zisipolingana, simamisha kila kitu. Hesabu ilipofurika, ukaguzi uligundua kwamba mambo hayalingani, na seva ikajizima kwa mkono wake yenyewe. Mshambuliaji alikuwa ameomba tu kulishwa matonge madogo, na kujibu kwamba baadhi yake hayajamfikia.

Kama ping ya mauti, hii nayo iliweza kutumwa kutoka popote duniani kwa seva yoyote iliyokuwa wazi kwa umma. Viraka vilitolewa siku ile ile ya tangazo, kwa kuwa makampuni yalikuwa yameshauriana kimya kimya kabla. Hilo ni badiliko kubwa kulinganisha na mwaka 1996, pale habari ilipotangulia na dawa ikafuata.

Jirani mbaya

Windows nayo haikusalimika. Katika mfumo huo kazi ya kupokea na kupanga pakiti hufanywa na draiva iitwayo tcpip.sys, na sehemu yake inayoshughulikia kizazi kipya cha anwani za intaneti, IPv6, imekuwa na historia ya misukosuko. Mwezi Agosti 2013 Microsoft iliziba dosari iliyowezesha ujumbe mmoja wa aina ya ping ya IPv6 kuisimamisha kompyuta. Magazeti ya kompyuta hayakukawia kusema kwamba ping ya mauti imefufuka.

Tarehe 13 Oktoba 2020 ikatangazwa nyingine, ambayo watafiti wa kampuni ya McAfee waliipa jina la "jirani mbaya". Ruta katika mtandao wa nyumba au ofisi huwatangazia wote waliounganishwa: mimi ndiye njia, na hizi hapa ni anwani za seva za majina. Tangazo hilo hutaja urefu wake kwa mafungu ya baiti 8. Fungu moja ni la maelezo, na kila anwani hutumia mafungu mawili. Kwa hiyo urefu halali daima ni namba witiri: tatu, tano, saba.

Windows ilipopokea urefu wa namba shufwa haikulikataa tangazo. Iliendelea kulisoma, ikakosea kwa baiti 8 mahali lilipoishia, na baiti hizo zikachukuliwa kuwa mwanzo wa tangazo jingine ambalo mshambuliaji aliweza kulipanga apendavyo. Matokeo ya haraka yalikuwa skrini ya buluu. Afueni ilikuwa kwamba matangazo ya ruta kwa kawaida hayavuki mipaka ya mtandao wa ndani, na ndiyo sababu ya neno jirani: hatari ilitoka kwa mtu aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ile ile, katika hoteli, chuo au mgahawa.

Miezi minne baadaye, tarehe 9 Februari 2021, Microsoft ilitoa viraka vya dosari tatu kwa mpigo katika draiva hiyo hiyo. Kampuni ilitahadharisha kwamba mbili kati ya hizo, zenye uwezo wa kumpa mvamizi utawala wa mashine, zingekuwa ngumu kuzitumia, na kwamba wenye nia mbaya wangefanikiwa mapema zaidi katika kuzisimamisha kompyuta tu. Moja ya dosari hizo ilihusu vipande vya IPv6 vilivyowekwa ndani ya vipande vingine, hata vichwa vyake vikiunganishwa urefu wake unapita kiwango. Urefu huo ulilazimishwa kuingia katika biti 16.

Mafuriko si ufa

Ni muhimu kutochanganya mambo mawili. Dosari zilizoelezwa hapa ni ufa katika ukuta: pakiti chache, pengine moja, zinatosha. Mashambulizi mengi yanayotangazwa katika habari ni ya namna nyingine, yaani mafuriko, ambapo maelfu ya kompyuta hutuma maombi halali kwa pamoja hadi seva ikazidiwa. Dhidi ya ufa kuna kiraka. Dhidi ya mafuriko hakuna ila upana wa njia na mikataba ya gharama kubwa na makampuni ya kuchuja mawasiliano.

Wakenya waliyaona mafuriko hayo mwezi Julai 2023, pale tovuti ya serikali ya eCitizen, yenye huduma zaidi ya 5,000, ilipozidiwa na shambulio ambalo kundi lijiitalo Anonymous Sudan lilijitwalia. Ununuzi wa tiketi za treni na malipo ya umeme yaliathirika, na serikali ikalazimika kuwaruhusu wageni kupata viza wanapowasili, kwa kuwa mtandao wa maombi ulikuwa haufanyi kazi. Waziri aliyehusika na mawasiliano, Eliud Owalo, aliwahakikishia wananchi kwamba hakuna data iliyopotea. Aliyekosa umeme au tiketi siku hiyo hakuwa na la kushukuru sana.

Na ipo njia ya tatu ya kuwanyima watu huduma, isiyohitaji ufa wala mafuriko. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Uganda wa tarehe 14 Januari 2021 intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa amri, na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Kwa hiyo hakuna kiraka kinachopakuliwa.

Kompyuta za mitumba

Dosari zote zilizotajwa hapa zina tiba, na tiba ni masahihisho yanayotolewa na waliotengeneza mfumo. Tatizo ni kwamba masahihisho hayo yana tarehe ya kukoma. Windows XP iliacha kutengenezewa viraka kwa umma tarehe 8 Aprili 2014. Windows 10 ilifikia ukomo wake tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa nyongeza.

Tarehe kama hizo zina maana ya pekee kwa Waafrika Mashariki waishio ng'ambo. Kampuni za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba zinapoachana na kompyuta zisizoweza kupokea mfumo mpya, mashine hizo huuzwa kwa bei nafuu, na nyingi hununuliwa na watu wanaotaka kuzipeleka kwa shule, zahanati au ndugu zao nyumbani. Mashine ni nzima, skrini ni safi, na mtumaji hana sababu ya kuitilia shaka.

Wataalamu wanashauri kwamba kabla ya kuifunga sandukuni iunganishwe kwanza na intaneti huko huko iliko, ambako mtandao ni wa kasi na malipo ni ya mwezi mzima, iachwe usiku kucha ichukue masahihisho yote inayostahili. Ikiwa mfumo wake umekwisha kukoma, baadhi hushauri kuwekwa Linux, ambayo matoleo yake mepesi huenda vizuri hata katika mashine ya miaka kumi iliyopita.

Jambo hilo likiachwa, kompyuta itawashwa kwa mara ya kwanza Tanga, Bukavu au Bujumbura, itatafuta mtandao, na itamwomba mwenyewe ruhusa ya kupakua mamia ya megabaiti kwa kifurushi cha simu alichokinunua asubuhi ile. Chini ya ombi hilo kuna vitufe viwili, na kimoja kimeandikwa "baadaye".